Busia, Malaba na Tororo: Njia Iliyobeba Wakimbizi wa Pande Zote Mbili

Vijana wenzetu, wiki hii tunaandika juu ya njia ambayo inatulisha wengi wetu bila sisi kuijua. Chakula cha msaada kinachoshushwa bandari ya Mombasa kinapanda na malori hadi Malaba au Busia, kinavuka kuingia Uganda, halafu kinafika Tororo, ambako WFP ina maghala. Kutoka hapo ndo kinagawanywa kuelekea makambini.

Lakini njia hii ilianza kabla ya malori. Na mpaka wenyewe haukuwa pale ulipo leo.

Reli kutoka Mombasa ilianza kujengwa 1896, ikafika Kisumu kwenye Ziwa Victoria 1901. Wakati huo Kisumu ilikuwa Uganda, hata Naivasha ilihesabiwa huko. Mwaka 1902 Waingereza walihamisha mkoa huo wote, ukaingia katika nchi ambayo leo ni Kenya. Mpaka ukasogea magharibi na wenyeji hawakuulizwa. Wasamia wakajikuta pande mbili za Busia, na Wateso pande mbili za Malaba. Hadi leo mtu anaweza kulala nchi moja na kwenda matanga ya shangazi yake nchi nyingine.

Mwanzoni mzigo wa Kampala ulishushwa Kisumu ukapakiwa kwenye meli. Baadaye ikajengwa reli nyingine kutoka Nakuru, ikapita Eldoret, Malaba na Tororo, na 1931 treni ikafika Kampala. Tororo ikawa njia panda: reli moja inaenda Kampala, nyingine inapanda Mbale hadi Soroti.

Mji wa Busia haukuwa kwenye reli hiyo. Busia ilijulikana kwa baiskeli. Miaka ya 1960 na 1970 msafiri alishuka kwenye gari upande mmoja, na ofisi za upande wa pili ziko mbele huko. Vijana wenye baiskeli wakaanza kubeba watu na mizigo kutoka boda hadi boda, yaani mpaka hadi mpaka. Hapo ndo jina boda boda lilizaliwa. Leo ni pikipiki, na jina limefika mbali kuliko baiskeli zenyewe.

Halafu siasa ikaingia. Mwaka 1976 Idi Amin alidai kwamba sehemu ya magharibi ya Kenya ni ya Uganda, akikumbusha ule mpaka wa zamani. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na shirika la reli la pamoja likagawanywa. Katika miaka hiyo ya Amin raia wengi wa Uganda walikimbilia Kenya. Wakimbizi wakati huo walikuwa wao.

Miaka thelathini baadaye mambo yaligeuka. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 vurugu zilianza. Reli iling'olewa Kibera, malori yakakwama, na petroli ikawa shida Uganda. Maelfu ya Wakenya walivuka Busia na Malaba kutafuta usalama. Wengi walipokelewa Mulanda, wilaya ya Tororo, na baadaye wakahamishiwa Kiryandongo. Kwa hiyo mtu akituambia ukimbizi ni tabia ya watu wa nchi fulani, tumwonyeshe barabara hii. Imebeba watu wa huku na wa kule.

Sasa hivi kuvuka kumekuwa rahisi, kwa wengine. Jumuiya ilirudi kwa mkataba wa 1999. Tangu 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kusafiri kati ya nchi hizo kwa kitambulisho cha taifa tu. Februari 2018 Rais Kenyatta na Rais Museveni walizindua kituo cha pamoja cha mpakani Busia. Maafisa wa nchi zote mbili wanakaa jengo moja, na msafiri anasimama mara moja tu, upande anakoingia.

Sisi kadi yetu ya ukimbizi haitoshi. Tunahitaji hati ya kusafiria, ile tunayoiita CTD. Kuna wenzetu walioko Kiryandongo na mama zao wako Kakuma. Mahindi yanavuka, dereva anavuka, mtoto anabaki anasubiri karatasi.

Hatusemi mpaka ufunguliwe bila utaratibu. Tunachoomba ni kidogo: wafanyakazi wa misaada mtusaidie kueleza watu wazi hati hiyo inaombwaje, nani anastahili, na ombi limefikia wapi. Mpaka huu umebadilishwa mara nyingi na watu waliokaa ofisini. Unaweza kubadilishwa tena, safari hii kwa faida ya familia.

Na wewe uliyepita Busia au Malaba, ulivukaje? Tuandikie, tuweke historia yetu pamoja.