WITO NA KITUO CHA KAZI: HISTORIA YA KUTAFUTA WALIMU WA ELIMU MAALUM, NA SOMO LAKE KWA MPANDA NA KATAVI

Utangulizi

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza jambo ambalo halijapewa nafasi ya kutosha katika masomo ya historia ya Kanisa nchini mwetu, yaani jinsi walimu wa watoto wenye ulemavu walivyotafutwa, walivyopatikana na walivyobaki, au hawakubaki, katika vituo vyao. Wengi wetu tumezoea kuhesabu shule, majengo na mwaka wa kila ufunguzi. Lakini shule ya wasioona isiyo na mwalimu ajuaye nukta nundu, au darasa la viziwi lisilo na mwalimu wa lugha ya alama, ni nyumba tu. Kwa hiyo swali letu si nani alijenga, bali ni nani alikwenda kumtafuta mwalimu, alimtafuta wapi, na kwa nini mwalimu yule alikubali.

Tumechagua kuitazama historia hiyo tukiwa tumeelekeza macho Mpanda na Mkoa wa Katavi kwa ujumla. Mkoa huo ulizaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Rukwa, nao Rukwa ulikuwa umeundwa mwaka 1974 kutokana na sehemu za mikoa ya Mbeya na Tabora. Maana yake ni kwamba kwa vizazi vingi Mpanda imekuwa pembezoni: kwanza pembezoni mwa Tabora, kisha pembezoni mwa Sumbawanga. Desturi ya kuajiri watumishi hupimwa vema zaidi mahali pa namna hiyo kuliko mjini.

Wakati wa wito

Huduma kwa wenye ulemavu katika Kanisa letu ina mizizi mirefu kuliko shule zetu. Huko Bethel, karibu na mji wa Bielefeld nchini Ujerumani, Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh aliongoza tangu mwaka 1872 makao ya watu wenye kifafa. Kazi ile isingaliweza kuendelea kwa mishahara peke yake. Iliendelea kwa sababu kulikuwako nyumba ya mashemasi wa kike iitwayo Sarepta na ya mashemasi wa kiume iitwayo Nazareth, ambamo vijana walipokelewa, wakafundishwa, wakaishi pamoja, ndipo wakatumwa. Kutoka mazingira hayo walikuja watumishi wa Lutindi katika milima ya Usambara. Makao ya Lutindi yalianzishwa mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani, na tangu mwaka 1904 yakaanza kupokea wagonjwa wa akili. Hapa tunaona namna ya kwanza ya kupata watumishi: mtu huitwa, huandaliwa na jumuiya, na jumuiya hiyo humtegemeza popote aendapo.

Namna hiyo haikuwa ya Walutheri peke yao. Hata katika nchi ya Katavi yenyewe upo mfano ambao kila mchungaji wa kule apaswa kuujua. Kituo cha Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, kilijengwa mwaka 1879 na Wabelgiji wa chama cha Mfalme Leopold, na mwaka 1885 kikachukuliwa na Mapadri Weupe. Mwaka 1889 alifika hapo Adrian Atiman, mzaliwa wa nchi za Mto Niger, aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari, akasomeshwa utabibu katika kisiwa cha Malta. Alioa hapo, akatibu watu hapo, na akafa hapo mwaka 1956. Atiman hakuwa mwalimu wa elimu maalum. Hata hivyo, kwa swali letu yeye ni shahidi mkubwa: mtumishi mwenye ujuzi adimu alipatikana kwa ajili ya mahali pa mbali sana, na akakaa huko zaidi ya miaka 60.

Shule za kwanza za elimu maalum nchini zilizaliwa katika desturi hiyohiyo. Kanisa la Anglikana lilianzisha shule ya wavulana wasioona huko Buigiri, Dodoma, mwaka 1950. Kanisa Katoliki lilianzisha shule ya viziwi mjini Tabora mwaka 1963. Mwaka huohuo, ambao ndio mwaka Makanisa yetu saba yalipoungana kuwa KKKT, Walutheri walifungua shule ya wasioona huko Irente, Lushoto, iliyowapokea wasichana. Baadaye, mwaka 1981, shule ya viziwi ilianzishwa Mwanga, Kilimanjaro.

Tusiisifu enzi hiyo kupita kiasi. Walimu wake wa kwanza walitegemea sana wageni na fedha za kutoka nje. Nafasi zilikuwa chache, na mtoto aliyepokelewa alitengwa na nyumba yake kwa miezi mingi. Mzazi wa Mpanda mwenye mtoto kiziwi alilazimika kutazama njia ya reli iendayo Kaliua hadi Tabora; ama ampeleke mtoto huko, ama amfiche nyumbani. Reli ile ilijengwa katikati ya karne ya 20 kwa ajili ya madini ya risasi, wala haikujengwa kwa ajili ya watoto. Wito ulileta walimu waliokaa, lakini haukuwafikisha walimu kwa watoto walio wengi.

Wakati wa kupangiwa

Baada ya uhuru Serikali ilitaka kuondoa ubaguzi katika huduma. Mwaka 1962 iliundwa huduma moja ya ualimu kwa nchi nzima, na kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 shule nyingi za misheni zilichukuliwa na Serikali. Shule maalum kwa sehemu kubwa zilibaki mikononi mwa Makanisa, lakini walimu wake waliendelea kuwa watumishi wa Serikali. Tangu hapo mwalimu hakuitwa tena na shirika, alipangiwa kituo. Mafunzo ya walimu wa elimu maalum yalianza kutolewa nchini katika Chuo cha Ualimu Tabora katika miaka ya 1970, na hatimaye yakawa kazi mahususi ya Chuo cha Ualimu Patandi, Tengeru, katika fani tatu zinazojulikana: ulemavu wa kuona, wa kusikia na wa akili.

Faida ya utaratibu huo ilikuwa kubwa. Mwalimu hakuchagua kabila wala dhehebu, na wilaya ya mbali ilikuwa na haki sawa na wilaya ya mjini, walau katika karatasi. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilipodai kila mtoto aende shule, Serikali ilipata walimu kwa njia ambayo inafaa kukumbukwa. Vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa kutoka vijijini na kufundishwa kazi wakiwa kazini. Wengi waliwadharau walimu hao wa UPE kwa sababu ya uchache wa elimu yao, na kasoro zao zilikuwa za kweli. Lakini walikuwa na sifa moja isiyonunuliwa: walikuwa nyumbani. Katika elimu maalum mpango wa ukubwa ule haukufanyika.

Katika miaka hiyohiyo Mpanda ilipata jaribio jingine. Wakimbizi kutoka Burundi, waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, waliwekwa Katumba mwaka 1973 na Mishamo mwaka 1978. Msitu ulifyekwa, na barabara, zahanati na shule zikajengwa kwa ushirikiano wa Serikali, Umoja wa Mataifa na TCRS, shirika lililoanzishwa mwaka 1964 chini ya Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani. Basi, tusiseme kwamba Walutheri ni wageni Katavi. Mwaka 2014 watu wapatao 162,000 wa jamii hiyo, katika makazi hayo na ya Ulyankulu, walikuwa wamekubaliwa kuwa raia wa Tanzania. Tangu wakati huo mtoto asiyeona wa Katumba si mzigo wa shirika la wakimbizi. Ni mwanafunzi wa halmashauri, na anapaswa kuhesabiwa katika ikama ya walimu kama mtoto mwingine yeyote.

Wakati wa kuomba

Tamko la Salamanca la mwaka 1994 lilizitaka nchi zimpokee mtoto mwenye ulemavu katika shule iliyo karibu naye. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 ikatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Kwa hiyo kitengo cha elimu maalum ndani ya shule ya kawaida kimekuwa tumaini la wilaya zisizo na shule maalum. Tumaini hilo ni jema, lakini linaongeza idadi ya mahali panapohitaji mwalimu. Zamani walimu kumi wangetosha shule moja ya bweni. Sasa walimu hao kumi wanahitajika katika vijiji kumi.

Wakati huohuo namna ya kuajiri imebadilika. Mhitimu haletewi tena barua ya kituo. Yeye mwenyewe huomba kazi, na kwa miaka ya karibuni maombi hayo hupitia mtandao wa kompyuta. Upande mmoja kuna uwazi zaidi. Upande wa pili, anayetafuta sasa ni mwalimu, wala si mtoto. Fomu huuliza cheti na somo. Haiulizi kama mwombaji anajua kwamba kituo kiko ng'ambo ya pori, au kama mwenzi wake wa ndoa atapata kazi huko. Na hutokea kwamba mwalimu aliyefuzu lugha ya alama anafika shuleni, hakuna kitengo, anapewa darasa la kawaida la watoto wengi, na baada ya muda anaandika barua ya uhamisho. Katika takwimu mkoa umepata mwalimu. Mtoto kiziwi hajapata kitu.

Sensa zinaonyesha uzito wa jambo hili. Mwaka 2012 Katavi ilikuwa na watu 564,604. Mwaka 2022 ilikuwa na watu 1,152,958. Katika miaka kumi mkoa umezidi maradufu. Hakuna utaratibu wa kungoja maombi kutoka mbali utakaolifikia ongezeko la namna hiyo.

Mtumwa aliyetumwa njiani

Tukiitazama historia hii kwa jicho la kitheolojia, tunakumbuka mfano wa karamu kuu katika Luka 14. Wahubiri wengi humtazama mwenye karamu, au wageni waliotoa udhuru. Sisi tungependa kumtazama mtumwa. Yeye ndiye aliyetumwa katika njia za mji awalete maskini, vilema na vipofu. Na nafasi ilipobaki, akatumwa tena mbali zaidi. Hakuambiwa abandike tangazo mlangoni. Aliambiwa atoke. Kazi ya kumtafuta mwalimu wa elimu maalum ni sehemu ya kutoka huko, kwa kuwa mtoto hataletwa mezani ikiwa hakuna ajuaye kusema naye.

Kutokana na historia tunaona mambo matatu yanayowezekana. La kwanza, mwalimu wa Katavi atafutwe kwanza Katavi. Mchungaji na mwinjilisti wanawajua vijana wa kidato cha nne na cha sita wa usharika wao. Wanajua yupi ana ndugu kiziwi na amekwisha kujifunza kusema naye kwa mikono. Kijana huyo ana nusu ya sifa kabla hajaingia chuoni. Vijana wenye ulemavu wenyewe wasisahauliwe, kwani mwalimu asiyeona humfundisha mtoto asiyeona jambo ambalo hakuna kitabu kinachoweza kulifundisha.

La pili, mafunzo yapo. Patandi iko Arumeru, katika barabara ileile ya Moshi na Arusha ilipo Makumira, ingawa ni mara chache wanafunzi wa theolojia na wa elimu maalum hukutana. Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ilianzisha mwaka 2007, huko Magamba, Lushoto, chuo kikuu kwa kumbukumbu ya Askofu Sebastian Kolowa, nacho kikaifanya elimu maalum kuwa moja ya kazi zake kuu. Dayosisi ya Ziwa Tanganyika na sharika zake zinaweza kumdhamini kijana mmoja kwa wakati, kwa makubaliano kwamba atarudi.

La tatu, kutafuta hakuishi siku mwalimu anaporipoti. Bethel ilimtegemeza mtumishi wake kwa jumuiya. Fomu haiwezi kufanya hivyo, lakini usharika unaweza. Nyumba ya kupanga, shamba dogo, salamu za wazee, na mchungaji atakayekwenda pamoja naye kwa afisa elimu kuuliza kitengo kitafunguliwa lini: hayo ndiyo humbakiza mtu.

Hitimisho

Hatusemi kwamba Kanisa lichukue mahali pa Serikali. Mshahara, ikama na kibali cha ajira ni wajibu wa dola, na tusiupunguze wajibu huo kwa ukarimu wetu. Tunachosema ni kwamba kila enzi ilitoa kitu na kupoteza kitu. Wito ulitoa uaminifu, lakini uliwafikia wachache. Kupangiwa kulitoa usawa, lakini kulisahau nafsi ya mwalimu. Kuomba kumetoa uwazi, lakini kumeacha pembezoni pakingoja. Mahali kama Mpanda panahitaji uaminifu wa enzi ya kwanza, usawa wa enzi ya pili na uwazi wa enzi ya tatu.

Wanafunzi wetu watakaopelekwa Inyonga, Karema, Mishamo au Mpanda mjini watafundishwa kuandika orodha ya Wakristo, ya watoto wa ubatizo na ya wanafunzi wa kipaimara. Tunawasihi waongeze orodha moja: ya watoto wasiokwenda shule kwa sababu ya ulemavu, na kando ya kila jina, jina la kijana anayeweza kuandaliwa awe mwalimu wake. Orodha hiyo ikipelekwa kwa halmashauri na kwa dayosisi kila mwaka, bila kuchoka, kazi ya kutafuta itakuwa imeanza.