Reli ya Kibombo: tulisoma mupunga, tukasahau njia



Siku nilipotetea memwari yangu ya agronomi, nilikuwa najiamini kabisa. Nilieleza mupunga wa Kibombo kwetu: mbegu, nafasi kati ya mistari, mavuno kwa hekta. Mwalimu mmoja aliniacha nimalize, kisha akauliza swali moja tu: "Na hii mupunga yako itatoka Kibombo namna gani?" Nikajibu: "Kwa njia, profesa." Watu wote wakacheka. Pointi nilipata, lakini lile swali halikuniacha. Mimi mtoto wa Kibombo, nimekulia karibu na vyuma vya reli, na katika kurasa zote zile sikuandika hata mstari mmoja juu yake.

Basi nikaanza kusoma historia ya ile reli, na leo nataka tuiongelee kidogo.

Tuanze na mto. Lualaba unatoka Katanga, unapita kwetu Maniema, unafika Kisangani. Ukitazama ramani utasema masuwa inaweza kutembea mwanzo hadi mwisho. Hapana. Chini kidogo ya Kongolo mto unabanwa na mawe, mahali ambapo Wazungu walipaita Milango ya Jehanamu. Na kati ya Ubundu na Kisangani kuna maporomoko. Kwa hiyo wakubwa wa wakati wa Leopold walipanga hivi: penye maji mazuri, masuwa, penye mawe, reli.

Kazi hiyo ilipewa kampuni ya CFL, iliyozaliwa tarehe 4 Januari 1902. Mwenye kuiongoza alikuwa Mbeleji Édouard Empain. Huyu njo yule ambaye kampuni zake zilijenga metro ya Paris, iliyofunguliwa mwaka 1900, na tramu za Cairo. Mji wa Kindu wenyewe uliwahi kuitwa Port-Empain kwa jina lake. Lakini tusikilize vizuri: kule Paris na Cairo, vyuma vyake vilibeba watu kutoka nyumbani kwenda kazini na kurudi. Kwetu vilipangwa kwa kazi nyingine.

Kipande cha kwanza, Kisangani–Ubundu, kilometa 125, kilifunguliwa mwaka 1906. Cha pili njo chetu: Kindu–Kongolo, kilometa 355, kupitia Kibombo. Vyuma vilifika Kongolo mwisho wa mwaka 1910. Cha tatu, Kabalo–Kalemie, kilometa 273, kilimalizika mwaka 1915 na kugusa ziwa Tanganyika. Sasa fikiria gunia moja linatoka Kisangani kwenda Kalemie: treni hadi Ubundu, masuwa hadi Kindu, treni hadi Kongolo, masuwa hadi Kabalo, tena treni. Safari moja, kupakia mara tano, na kila mara ni migongo ya watu.

Na malipo ya kampuni? Serikali ya Leopold iliihakikishia faida ya asilimia 4 kwa mtaji wake, na ikaipa ardhi hekta milioni nne, pamoja na haki ya madini. Sisi wa agronomi tunajua hekta ni kitu gani. Katika memwari yangu nilipima hekta nusu. Wao waligawiwa milioni nne, na wenye kulima pale hawakuulizwa.

Halafu pamba ikaja. Majaribio yake yalifanywa Nyangwe, hapa Maniema, karibu mwaka 1915. Mwaka 1917 ikatoka sheria ya kilimo cha lazima: kila mwanaume wa kijiji anaweza kulazimishwa siku 60 kwa mwaka kulima kile serikali inataka. Wazee wetu hawakuchagua pamba kwa sababu udongo unaipenda. Mulimo ulifuata njia ya kuutoa inje. Hili sikufundishwa darasani, na nafikiri nyinyi pia.

Lakini watu si mawe. Pole pole wakaigeuza ile reli kuwa yao. Mwaka 1939 Kongolo ikaunganishwa na Kabalo kwa daraja na vyuma. Mwaka 1955 upana wa reli ukabadilishwa, kutoka meta moja kuwa meta 1.067, ili mabehewa ya Katanga yaweze kupita, na mwaka 1956 njia ya Kamina–Kabalo ikafunguliwa. Tangu pale Maniema ikaanza kutazama kusini: mupunga na mafuta ya mawese vinashuka Katanga, nguo na chumvi vinapanda. Bibi yangu alikuwa anauzisha ndizi na karanga kwenye madirisha ya treni. Kwa ile biashara alisomesha watoto wake, na baba yangu ni mmoja wao. Kwa hiyo hata hii lisansi yangu ina deni kwa ile stasio.

Kisha vita. Mwaka 1964 waasi na majeshi walipita kwetu kwa kufuata ile ile njia. Mwaka 1998 vita vingine vikakata reli, na Kindu ikakaa miaka bila treni. Ilirudi katikati ya miaka ya 2000, lakini si kama zamani.

Leo ni kinga. Vijana wa umri wetu wanapakia magunia juu ya kinga na kusukuma hadi Kindu, zaidi ya kilometa 100. Mwaka jana nilienda na mdogo wangu, magunia mawili. Siku ya pili mvua ikatukuta, potopoto hadi magoti, na sisi hatukuwa na hema. Gunia moja likaloa. Tulipofungua Kindu, mupunga ulikuwa umeanza kuota. Tukawapa kuku. Mdogo wangu akaniambia: "Yaya, mavuno kwa hekta yalikuwa mazuri sana." Sikuwa na la kujibu.

Wandugu, sisemi turudie reli ya Empain na fimbo yake. Ninasema hivi: aliyeijenga alijua jambo moja ambalo sisi wenye diploma tunalisahau, kwamba shamba linaishia sokoni, haliishii kwenye ukingo wake. Yeye alilijua kwa faida yake. Sisi tulijue kwa faida ya mama zetu.

Wewe unayeandika memwari mwaka huu juu ya muhogo, mahindi ao samaki, ongeza kurasa tatu tu: gunia linatoka namna gani, kwa siku ngapi, na linafika na kilo ngapi. Yule mwalimu bado anakaa kwenye kiti chake, na swali lake bado linangoja.