Rimu za chuma au za aloi? Mambo ya kuzingatia kabla ya kununua

Mmiliki wa gari linalopita katika barabara mbovu hukabiliwa na uamuzi ambao wengi huuchukulia kuwa suala la urembo tu: je, gari lifungwe rimu za chuma au za aloi? Ukweli ni kwamba uamuzi huo unaweza kuamua iwapo msafiri atafika aendako au atalala nyikani.

Rimu ya chuma hutengenezwa kwa mabamba yanayokunjwa kwa mashine kisha kuunganishwa kwa kuchomelewa. Aloi nayo ni alumini iliyochanganywa na madini mengine kama vile silikoni na magnesi, na rimu nyingi za aina hiyo hupatikana kwa kumimina mchanganyiko huo katika kalibu.

Tofauti kubwa hujitokeza gurudumu linapogonga jiwe au shimo kwa kishindo. Chuma aghalabu hupinda, ilhali aloi huelekea kupasuka. Ukingo wa chuma uliopinda unaweza kunyooshwa kwa nyundo na fundi wa jua kali, tairi likajazwa upepo na gari likasogea hadi mjini. Rimu ya aloi ikipasuka, upepo hutoka na safari hukwama. Isitoshe, nyingi huimarishwa kiwandani kwa joto maalumu, na moto wa kuchomelea hupunguza uimara huo. Rimu iliyozibwa ufa kiholela ni hatari kwa maisha.

Jambo hili lina uzito mkubwa kaskazini mwa Kenya. Kwenye mawe ya volkano karibu na Loiyangalani, mashariki mwa Ziwa Turkana, au katika Jangwa la Chalbi, duka la vipuri huwa mbali mno. Si ajabu kwamba Toyota Land Cruiser nyingi za kazi, za mfululizo wa 70, huwa na rimu za chuma.

Hata hivyo, aloi ina sifa zake. Kwa kawaida ni nyepesi kuliko chuma cha ukubwa ule ule, hivyo springi hupata nafuu na gurudumu hufuata mabonde ya barabara kwa wepesi. Vilevile, hupitisha joto vyema. Kwa mkazi wa Nairobi anayetumia lami siku nyingi na kuzuru shamba wikendi, aloi iliyoundwa vizuri inatosha.

Kuhusu kutu, hakuna iliyosalimika kabisa. Katika mwambao wa Pwani, hewa ya chumvi hula chuma kilichochubuka rangi. Aloi haipati kutu nyekundu, lakini nayo huliwa taratibu, na upepo huanza kuvuja pale tairi linapokutana na rimu.

Kabla ya kulipa, mnunuzi anafaa kukagua mambo kadhaa. Kwanza ni bolti. Toyota Hilux nyingi za magurudumu manne na Prado hutumia bolti 6 katika duara la milimita 139.7, ilhali Land Cruiser za mfululizo wa 100 na 200 kwa kawaida hutumia 5 katika duara la milimita 150. Pili ni uzito ambao rimu inaweza kubeba. Rimu za aloi zinazofuata viwango vya Japani huwa na alama ya JWL, na zile za malori na mabasi JWL-T.

Tatu ni nati. Nati za rimu nyingi za chuma zina ncha yenye umbo la pia, lakini baadhi ya rimu za aloi huhitaji nati zenye washa bapa. Anayebeba gurudumu la akiba la chuma ilhali manne mengine ni ya aloi sharti ahakikishe ana nati zinazolifaa. Aidha, nati zikazwe upya baada ya kilomita 100 hivi tangu rimu kufungwa.

Kwa jumla, swali la kujiuliza si rimu ipi inapendeza, bali fundi yuko umbali gani inapoharibika. Kadiri alivyo mbali, ndivyo chuma kinavyofaa zaidi. Vyote ving'aavyo si dhahabu.