Juggling, au kubangaiza?

Huku kampasi siku hizi ukimsalimia mtu anakujibu "na-juggle tu mwanangu". Masomo, mazoezi ya kufundisha, jioni mitumba, maana bumu halijaingia. Sasa mimi ni mtu wa Historia na Kiingereza, neno likinikaa kichwani silali. Nikalifukua.

Kumbe halikuanza na mipira kabisa. Asili yake ni Kilatini, jocus, yaani utani, na hilo hilo ndilo lililozaa joke. Likapitia Kifaransa cha kale hadi Uingereza zama za kati, ambako juggler alikuwa mchekeshaji wa kutembeza vituko vyake: anatania, anaimba, anafanya kiinimacho. Hapo kwenye kiinimacho ndipo lilipoharibika, likawa pia na maana ya kulaghai. Waliosoma Macbeth (au Makbeth ya S. S. Mushi, 1968) wanakumbuka mwishoni jamaa anawalaani mashetani waliomchezea kwa maneno ya pande mbili. Shakespeare alitumia neno hili hili.

Mchezo wenyewe ni mkongwe kuliko neno. Makaburini Beni Hasan, Misri, karibu miaka 4,000 iliyopita, walichorwa wanawake wakirusha na kudaka mipira. Karne ya 19 ilipoanza, London ikapagawa na mafundi wa mchezo huo kutoka India. Hazlitt alimtazama mmoja akirusha mipira minne ya shaba, na katika insha yake ya 1821 akakiri hakuna anachokiweza yeye kwa ustadi ule. Insha tamu sana ile, itafuteni.

Maana ya kuhangaika na mambo mengi kwa wakati mmoja ilikuja baadaye, na ndiyo inayonipa shida. Yule Mhindi alijichagulia mipira, tena yote ya uzito mmoja. Ya kwetu je? Kuna dada mmoja wa mwaka wetu, mchana darasani, usiku anapika chapati za kuuza hosteli, na nyumbani wadogo zake wawili wanasubiri ada kutoka bumu lile lile. Kilichoanguka ni mtihani mmoja, akapata sapu. Ukimwambia huyo kuwa ana-juggle unampamba bure.

Juzi nilimuuliza anaendeleaje na hayo mambo yake yote. Akacheka. "Kaka, mimi nabangaiza tu. Nikufungie chapati ngapi?"