Mwanasaikolojia katika kiti cha amidi

Chukua bilauri mbili zinazolingana, uzijaze maziwa sawasawa, kisha mwite mtoto wa miaka mitano hapa Nyamisangura. Muulize kama maziwa ni sawa. Atakubali. Sasa, akiwa anatazama, mimina ya bilauri moja kwenye chupa ndefu nyembamba, uulize tena. Aghalabu ataonesha ile chupa: humo ndimo mlimo na mengi. Mrudie akiwa na miaka minane au tisa na atashangaa kwa nini unauliza, maana hakuna aliyeongeza tone wala kupunguza.

Jaribio hilo ni la Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, ambaye nadharia yake ya hatua za kukua kwa akili ya mtoto imefundishwa karibu katika kila chuo cha ualimu, na cha hapa Tarime pia. Lakini watoto aliowachunguza walikuwa wa Ulaya, wakiulizwa kwa lugha waliyonyonya nayo. Je, mtoto wa mfugaji au mkulima wa Afrika Mashariki naye hupita njia hiyohiyo?

Barnabas Otaala, Mteso wa Uganda, aliamua kulitafutia jibu swali hilo kwa watoto wa kwao. Wateso, kama Wakurya, ni watu waliokatwa na mpaka: wao wako Uganda na Kenya, Wakurya wako Tanzania na Kenya. Mwaka 1973 kitabu chake kuhusu fikra za watoto wa shule za msingi wa Kiteso kilichapishwa New York na Teachers College ya Chuo Kikuu cha Columbia. Nakiona kuwa kazi ya heshima kubwa, kwa sababu hakumchukulia mtoto wa kijijini kama mwenye upungufu wa kupimwa. Alimchukulia kama mtu mwenye fikra zinazostahili kueleweka.

Baadaye alikwenda kusini mwa bara, hadi akawa amidi wa Kitivo cha Elimu katika Chuo Kikuu cha Namibia. Fikiria uzito wa kiti hicho. Namibia ilipata uhuru mwaka 1990, chuo kikuu kikaanzishwa mwaka 1992. Shule zilizorithiwa zilikuwa zimegawanywa kwa rangi na kabila, na walimu waliozoea Kiafrikana walitakiwa kufundisha kwa Kiingereza. Anayeandaa walimu katika hali hiyo hawezi kuishia kwenye ratiba na bajeti. Lazima ajue nini hutokea kichwani mwa mtoto lugha ya darasa inapobadilika. Ukimwi ulipoingia vyuoni, Otaala hakuuachia watu wa tiba peke yao. Mwaka 2000 ulifanyika mkutano Windhoek wa kujadili changamoto ya ugonjwa huo kwa taasisi za elimu ya juu, naye ndiye aliyehariri mada za mkutano huo.

Kwa upande wetu Tanzania yuko Profesa Issa Omari wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1975 alichapisha utafiti juu ya mpangilio ambao watoto wa shule wa Tanzania hufuata katika kuelewa mahali na nafasi. Lakini wakati huo nchi ilikuwa imeshika kasi. Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, hapahapa mkoani Mara, ikaamua kila mtoto aanze shule ifikapo mwaka 1977. Vijana waliomaliza darasa la saba wakafanywa walimu kwa mafunzo ya kazini, wakafundisha huku wenyewe wakijifunza. Wapo wazee wetu waliojua kusoma kwa mikono ya walimu hao, na tusiwadharau.

Omari na wenzake wanne waliutathmini mpango huo wa kila mtoto kuanza shule katika kitabu cha mwaka 1983. Mwaka 1991, pamoja na Paschal Mihyo, aliandika juu ya mizizi ya migomo ya wanafunzi katika vyuo vikuu vya Afrika. Kisha mwaka 2006 akawarudia walimu kwa kitabu cha saikolojia ya elimu. Safari hiyo naipenda: alianza na mtoto mmoja mbele ya maswali, akapanda hadi sera na vyuo vikuu, halafu akashuka tena darasani.

Si wengi wanaoshuka. Mwaka 2005 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha vyuo vishiriki viwili vya elimu, DUCE Chang'ombe na MUCE Iringa, kwa sababu shule za sekondari zilikuwa zikihitaji walimu kwa maelfu. Rasi wa chuo kama hicho humezwa na majengo, mikopo na mitihani. Ndiyo maana nasema kiti hicho kinamfaa mtu aliyewahi kukaa chini na mtoto.

Huku kwetu watoto wengi hufika darasa la kwanza na Kikurya kinywani, na mwalimu huwauliza kwa Kiswahili. Mtoto akinyamaza, huandikwa mzito. Mwalimu unayesoma haya, fanya lile jaribio la maziwa wiki hii. Uliza kwa Kikurya, siku nyingine uliza kwa Kiswahili, kisha uandike majibu yote mawili kabla hujampa mtoto alama.