Waliopita na Waliokaa: Popo wa Kingo za Lado

Logiri iko kusini ya mji wa Arua, upande wa Vurra, mahali ambapo ardhi inapanda taratibu hadi kukutana na mpaka wa Kongo. Mpaka wenyewe uliwekwa kwenye mgawanyo wa maji: mvua inayonyesha upande wa mashariki inateremkia Nile, na ya magharibi inaufuata mto Kongo. Kwa wanasiasa wa Ulaya ulikuwa mpaka mwepesi kukubaliana. Kwa yeyote anayetaka kujua popo gani wanaishi katika vilima hivi, ulikuwa mwanzo wa usumbufu, kwani tangu hapo ushahidi ukatawanywa katika makabati ya makumbusho ya nchi mbalimbali.

Januari 1910 Theodore Roosevelt, aliyetoka katika urais wa Marekani mwaka mmoja kabla, alipiga kambi kando ya Nile, mahali panapoitwa Rhino Camp mpaka leo. Nchi hiyo ilikuwa sehemu ya Lado, aliyokuwa amekodishwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji kwa muda wa uhai wake. Leopold alikuwa amefariki mwezi uliotangulia. Waingereza waliichukua Lado mwaka huohuo wa 1910, na sehemu yake ya kusini ikatiwa Uganda mwaka 1914. Roosevelt alitaka kifaru mweupe, naye alimpata. Katika msafara wake walikuwamo wataalamu wa viumbe, Edgar Mearns, Edmund Heller na J. Alden Loring, ambao kazi yao ilikuwa kukusanya ndege na wanyama wadogo kwa ajili ya taasisi ya Smithsonian. Kazi yao ndiyo iliyokuwa na faida ya kudumu kwa elimu, lakini hesabu inayokumbukwa ni ile ya wanyama 512 walioangushwa na Roosevelt na mwanawe Kermit katika safari nzima.

Wakati huohuo, upande wa Kongo, Herbert Lang na James Chapin walikuwa wametumwa na makumbusho ya New York. Walitakiwa kuleta okapi. Walikaa tangu 1909 hadi 1915, muda mrefu kuliko ilivyokusudiwa, na miongoni mwa mizigo yao walikuwamo popo wengi kiasi cha kutosha kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1917 wakishirikiana na J. A. Allen. Humo ndimo alimoelezwa kwa mara ya kwanza Mops trevori, popo mwenye mkia uliochomoza nje ya ngozi iliyo kati ya miguu, aliyepatikana Faradje, magharibi ya mji wa Koboko. Kutoka Niangara walielezwa wengine. Mtu wa Koboko ana ndugu na biashara upande huo wa mpaka, lakini akitaka kumwona popo wa kwanza wa Faradje aliyepewa jina hilo, itambidi aende New York.

Kasoro ya ngozi iliyokaushwa ni kwamba inaeleza siku moja tu. Inasema popo fulani alikuwa mahali fulani tarehe fulani. Haisemi anazaa lini, wala anakwenda wapi matunda yakiisha. Hayo yanahitaji mtu wa kukaa, na Uganda ilimpata F. A. Mutere. Miaka ya 1960 aliwachunguza popo wakubwa wa rangi ya majani makavu, Eidolon helvum, waliokuwa wakining'inia kwa maelfu mjini Kampala, katika bonde lililo chini ya Makerere. Kwa kuwapima mwezi baada ya mwezi aligundua jambo ambalo hakuna msafara ungeliona. Popo hao hupandana kati ya Aprili na Juni, lakini kiinitete hakijishikizi tumboni hadi Oktoba au Novemba, na mtoto huzaliwa Februari au Machi, mvua zinapokaribia. Mimba inangoja msimu. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 1965, na kwa maoni yangu haujapewa nafasi yake katika vitabu vyetu vya shule.

Badala yake, popo waliingia magazetini kwa mlango wa maradhi. Mwaka 2007 wachimba madini wa Kitaka, magharibi mwa Uganda, waliugua Marburg, na popo wa mgodini wakathibitishwa kuwa na virusi hivyo. Wakaangamizwa. Mwaka 2012 ugonjwa ulirudi wilayani Ibanda, na watafiti waliporejea mgodini walikuta popo wachache wapya, ila walioambukizwa walikuwa takriban asilimia 13, ambapo zamani walikuwa kama 5. Kuua bila kujua kumeongeza hatari.

Mwaka huohuo wa 2012, katika hifadhi ya Bangangai, Sudan Kusini, mtafiti DeeAnn Reeder alimnasa popo mwenye madoa na mistari myeupe juu ya manyoya meusi. Alikuwa ameelezwa mwaka 1939 kutoka Kongo, akawekwa katika jenasi isiyomfaa. Makala ya 2013 ikamwanzishia jenasi yake, Niumbaha, jina la Kizande. Mmoja wa waandishi wake ni Imran Ejotre, Mganda ambaye baadaye alifundisha katika Chuo Kikuu cha Muni, Arua. Karne moja baada ya Rhino Camp, popo wa kingo za Lado walikuwa na mwandishi wa kufundisha palepale.

Mfano wa kazi inayoweza kufanyika upo Nyungwe, Rwanda. Rhinolophus hilli hakuwa ameonekana kwa miaka 40 hadi timu iliyokuwa pamoja na Paul Webala wa Chuo Kikuu cha Maasai Mara ilipomnasa Januari 2019. Wageni walipoondoka, askari wa hifadhi waliendelea kutega vinasa sauti katika sehemu 23 za msitu. Miezi tisa ikatoa faili robo milioni za sauti ambazo sikio la binadamu haliwezi kuzisikia, na popo huyo akatambuliwa katika sehemu nane. Mlima Kei na Mlima Otzi, huku West Nile, ni misitu ya hifadhi pia, na walinzi wake wanajua njia zote za usiku.