Kusahihisha Wakati wa Kusoma: Historia ya Urekebishaji wa Makosa katika Kumbukumbu ya Flashi na Funzo Lake kwa Hifadhi za Kampala

1.0 Utangulizi

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Septemba 2020, moto uliunguza Jengo Kuu la Chuo Kikuu cha Makerere, mjini Kampala, na nyaraka zilizokuwamo ziliteketea. Tukio la namna hiyo hutoa hoja nzito ya kuhamishia kumbukumbu katika vyombo vya kidijiti. Makala haya yanadai kwamba hoja hiyo ni ya kweli lakini ni pungufu. Chombo cha kidijiti nacho husahau, na kinachokiwezesha kukumbuka ni kazi ya kusahihisha inayofanyika kila kinaposomwa.

2.0 Kutoka Msimbo wa Hamming hadi Flashi

Mwishoni mwa miaka ya 1940, Richard Hamming, mwanahisabati wa Bell Labs nchini Marekani, alikerwa na mashine iliyogundua kosa kisha ikaacha kazi bila kulirekebisha. Mwaka 1950 alichapisha suluhisho lake. Biti 4 za ujumbe husindikizwa na biti 3 za ukaguzi, zikapangwa kwa namna ambayo biti moja ikigeuka, zile za ukaguzi huonyesha mahali ilipo. Kwa kuwa biti ina thamani mbili tu, kujua mahali pa kosa ni kujua sahihisho lake. Misimbo yenye nguvu zaidi ilifuata: Hocquenghem mwaka 1959, kisha Bose na Ray-Chaudhuri, pamoja na Reed na Solomon, mwaka 1960.

Misimbo hiyo ilipata kazi mpya baada ya Fujio Masuoka wa Toshiba kuwasilisha kumbukumbu ya flashi mwaka 1984, na aina yake iitwayo NAND mwaka 1987. Flashi huhifadhi habari kwa kufungia chaji ya umeme ndani ya chembe ndogo mno. Chaji hiyo huvuja kadiri muda unavyopita. Kuandika na kufuta huchakaza kuta za chembe. Hata kusoma ukurasa mmoja mara nyingi huweza kutikisa kurasa jirani. Kwa hiyo ukurasa wa baiti 2048, kwa mfano, hupewa baiti 64 za ziada, na sehemu ya baiti hizo hubeba msimbo wa ukaguzi.

3.0 Usomaji wa Mfululizo

Awali, usahihishaji ulifanywa nje ya kipande cha flashi: ukurasa ulisomwa, ukakaguliwa, ukarekebishwa, ndipo wa pili ukaombwa. Baadaye vilitokea vipande vinavyosahihisha ndani kwa ndani na kusoma kwa mfululizo. Ukurasa mmoja unapotoka, unaofuata huwa tayari unachotwa na kusahihishwa, na msomaji hupokea mkondo usiokatika.

Kasi hiyo ina gharama. Katika baadhi ya vipande hivyo, taarifa ya makosa hutolewa kwa muhtasari baada ya usomaji: hapakuwa na kosa, makosa yalikuwapo yakasahihishwa, ukurasa mmoja umeshindikana, au kurasa kadhaa zimeshindikana. Katika hali ya mwisho, anwani inayobaki huwa ya ukurasa wa mwisho tu ulioshindikana. Anayetaka kuzijua nyingine hana budi kurudi na kusoma ukurasa baada ya ukurasa. Mtiririko mzuri, basi, si ushahidi wa usahihi.

4.0 Ulinganisho na Upatanisho wa Kisarufi

Wanaisimu wa Kiswahili hawapaswi kuiona kanuni hii kuwa ngeni. Katika sentensi "Vitabu vile vipya viwili vimepotea", dhana ya wingi imebebwa mara tano. Kelele ikimeza silabi ya kwanza, msikilizaji huirejesha bila hata kusita. Luganda nayo hufanya hivyo, kama katika "ebitabo bibiri". Lakini katika "Ngoma zilipigwa", nomino yenyewe haionyeshi idadi. Wingi umebebwa na kiambishi "zi-" peke yake. Mnakili akikiruka, hakuna kitakachorejesha idadi hiyo. Lugha, sawa na flashi, husahihisha pale tu ilipoweka akiba.

5.0 Funzo kwa Kampala

Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Uganda kuanzia mwaka 1948 hadi 1957, alirekodi muziki wa jamii nyingi za nchi hiyo. Nakala za kidijiti za rekodi zake zimerejeshwa Makerere, katika hifadhi inayobeba jina lake. Urithi wa aina hii unaonyesha tofauti ya mauti mawili. Santuri ikichakaa hukwaruza, na sikio huonywa mapema. Nakala ya kidijiti hutoka safi kabisa, siku baada ya siku, hadi makosa yanapozidi uwezo wa msimbo. Hapo sehemu nzima huweza kupotea kwa mara moja.

Aidha, kusahihisha wakati wa kusoma hutengeneza nakala inayotoka. Si lazima kutengeneze chembe zenyewe, mpaka habari iandikwe upya. Na flashi iliyofungiwa kabatini bila umeme haijisahihishi kamwe. Makosa yake hulimbikizana kimya kimya.

6.0 Hitimisho

Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Nyaraka za Kiswahili zitakazozaliwa na uamuzi huo zitakuwa za kidijiti kwa kiasi kikubwa. Hifadhi zake zinahitaji mambo matatu: ratiba ya kusoma na kuandika upya, daftari la makosa yaliyosahihishwa hata kama hayakuleta hasara, na nakala nyingine mahali ambapo moto mmoja hauwezi kufika. Makosa yanayosahihishwa leo ndiyo onyo pekee la yale yatakayoshindikana kesho.